KURA KWANZA, SAINI BAADAYE



Mapatano ya kazi katika vyuo vikuu ni karatasi nyingi, na mpishi, karani, askari wa lango na mwalimu, kila mmoja hufungwa na yale yanayomhusu. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kwamba mapatano yakisha kuandikishwa mahakamani huwafunga mwajiri, chama na wafanya kazi wanaohusika. Lakini sheria hiyo haimlazimishi mtu ye yote kumwuliza mwanachama kabla ya saini kutiwa. Wajumbe wetu huingia chumbani, hutoka na kupigwa picha wakishikana mikono na waajiri, nasi husoma habari gazetini kama wapita njia.

Hatusemi wajumbe ni watu wabaya. Wengi wao tunawajua, na usingizi wamekosa kwa ajili yetu. Tunasema kwamba kazi ni yetu na mshahara ni wetu, basi neno la mwisho liwe letu.

Kumbukeni mwaka 2025. Tarehe 17 Septemba wafanya kazi wa vyuo vikuu vya umma waligoma, na mgomo ukadumu siku 49, mpaka tarehe 5 Novemba.   Walidai Shilingi bilioni 7.9 za mapatano ya miaka ya 2017 mpaka 2021. Mwisho wake ikakubaliwa fedha hizo zilipwe kwa mafungu mawili. Yaani mtu alivuja jasho mwaka 2018, akagoma mwaka 2025, kisha akaambiwa angojee tena fungu la pili. Saini zilikuwako. Fedha ndizo hazikuwako.

Lau karatasi ile ingalisomwa matawini kabla ya kutiwa saini, hatukosi mtu mmoja nyuma ya ukumbi angaliuliza: fedha hizi zimo katika makadirio ya Serikali ya mwaka gani, na zisipotoka tutamshika nani? Hilo ni swali la mtu anayekopa unga dukani. Mawakili huuliza mengine.

Wenzetu wa Uingereza walipata kujaribu njia hii. Mwaka 2018 chama cha UCU, cha wafanya kazi wa vyuo vikuu, kiligoma siku 14 juu ya malipo ya uzeeni. Tarehe 12 Machi viongozi walileta mapatano. Kesho yake matawi yakayakataa, na mgomo ukaendelea. Waajiri wakarudi na shauri jingine, kwamba kamati ya wataalamu wa pande zote mbili ichunguze hesabu. Hilo likapigiwa kura mwezi wa Aprili, na asilimia 64 ya waliopiga wakalikubali. Ugomvi haukwisha hapo: haki za uzeeni zilipunguzwa Aprili 2022, zikarudishwa Aprili 2024. Kwa hiyo hatuwadanganyi kwamba kura ni dawa ya kila ugonjwa. Lakini shauri la Machi lilikataliwa na wenye kazi, na la Aprili likakubaliwa na wenye kazi, na hakuna aliyeweza kusema ameuzwa usiku.

Baadhi ya viongozi watasema kwamba kura itachelewesha mambo, na mwajiri atapata nafasi ya kugeuka. Waliogoma siku 49 hawawezi kushindwa kungojea siku tano. Tena mjumbe anayeweza kumwambia mwajiri, "Hili wanachama watalikataa," ana nguvu kuliko yule ambaye saini yake yatosha peke yake.

Basi twapendekeza hivi. Rasimu isomwe katika kila tawi kwa Kiswahili, pamoja na kurasa za nyuma zenye viwango vya mishahara, maana huko ndiko mambo hufichwa. Vibarua wa mkataba mfupi waelezwe kama wamo au hawamo. Kura iwe ya siri, si ya kunyosha mikono mbele ya mkuu wa idara. Hesabu ya kila tawi ibandikwe ukutani.

Tawi linalokubali na liandike hoja, litiwe sahihi na mwenyekiti na katibu, ipelekwe makao makuu kabla ya mkutano mkuu. Tawi linalokataa nalo na liandike sababu zake, tutazichapa hapa.

Mhariri