Jalada Si Mali ya Karani

Dereva anayesafiri kwa barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa, anapoingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, hukuta kibao kinachomwonya aendeshe polepole na kumtajia faini atakayotozwa endapo atamgonga mnyama. Mnyama mkubwa ana faini yake na mdogo ana yake. Hapana dereva anayelazimika kumbembeleza karani ili azijue faini hizo, wala kuambiwa arudi Jumatatu. Serikali imetaka zijulikane, nazo zinajulikana mpaka kwa wageni ambao hawatapita tena njia hiyo.

Mkulima anayelima kando ya hifadhi hiyohiyo hana kibao chake. Tembo akishuka usiku, akala mahindi na kukanyaga yaliyobaki, mkulima huyo huamka asubuhi na kuanza safari ya ofisi. Huanzia kwa mtendaji wa kijiji, kisha humngoja afisa wanyamapori afike shambani kupima hasara, na baada ya hapo karatasi huondoka kuelekea wilayani na kuishia Wizara ya Maliasili na Utalii. Mkulima hubaki kijijini na kiunzi cha ghala kilicho tupu. Anachokingoja kinaitwa kifuta jasho. Na kama aliyeuawa na mnyama ni mtu, wafiwa hungoja kifuta machozi. Majina hayo yenyewe yanakiri kwamba si fidia kamili. Hata hivyo, kwa mtu aliyepoteza chakula cha mwaka mzima, kidogo hicho ni kikubwa.

Kanuni zilizotolewa mwaka 2011 ziliweka viwango vya malipo hayo kwa kila ekari, tena kwa kuangalia umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Kadiri shamba lilivyokuwa mbali na mpaka ndivyo kiwango kilivyopanda, na shamba lililoubana mpaka halikupangiwa kitu. Basi haki ya mkulima haimo katika mahindi yaliyoliwa peke yake. Imo pia katika mstari uliochorwa kwenye ramani, na ramani imo katika kabati la ofisi. Asiyeuona mstari huo hawezi kujua kama amepunjwa, kama amesahauliwa, au kama hakustahili kitu tangu mwanzo. Atakachobaki nacho ni manung'uniko, na atayapeleka kilabuni na msikitini na kanisani, kwa kuwa huko ndiko atakakosikilizwa.

Hali hiyo isingepaswa kuwapo tena. Ibara ya 18 ya Katiba, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, inatambua kwamba raia ana haki ya kupewa habari za mambo yanayogusa maisha na shughuli zake. Mwezi Septemba, 2016, Bunge lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, ambayo ni Sheria Na. 6 ya mwaka huo, na kanuni zake zikatoka mwaka 2017. Sheria hiyo, inayotumika Tanzania Bara, inawataka wenye kushika taarifa za umma wateue maafisa wa kushughulikia maombi ya wananchi. Pale ambapo afisa hakuteuliwa, mkuu wa taasisi ndiye anayehesabiwa kuwa afisa huyo, ili asiwepo wa kujificha nyuma ya kiti kitupu. Mwananchi huomba kwa maandishi, naye hupaswa kujibiwa mapema iwezekanavyo, na isiwe zaidi ya siku 30. Asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, hueleza ombi lake kwa mdomo, na afisa analazimika kuliandika na kumpa nakala.

Inafaa kusimama hapo katika hiyo nakala. Mtu mwenye nakala iliyopigwa muhuri na kuandikwa tarehe si ombaomba tena mbele ya meza ya karani. Anao ushahidi wa siku aliyofika, jambo aliloliomba, na siku ambayo muda wa kujibiwa unakwisha. Kwa miaka mingi adui mkubwa wa mwanakijiji katika ofisi za umma amekuwa neno "njoo kesho", ambalo halina tarehe wala sahihi na kwa hiyo halina wa kulijibia. Sheria imelipa neno hilo kikomo.

Watu wa Kilosa wanazo sababu zaidi ya tembo za kuithamini sheria hiyo. Wilaya yao ni wilaya ya mipaka iliyopishana. Tangu zama za Wajerumani na Waingereza, mashamba makubwa ya mkonge yalichukua ardhi nzuri ya Kimamba, Rudewa na kwingineko. Baadaye mengi yakafifia, mengine yakageuka vichaka, na wananchi wakaingia kulima. Katika miaka ya 1970, Operesheni Vijiji ilihamisha watu, na Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ikavifanya vijiji viandikishwe. Wafugaji nao walifika na mifugo yao wakitafuta majani na maji katika bonde la Wami na Mkata. Kila tukio kati ya hayo liliacha karatasi: hati ya shamba, cheti cha kijiji, ramani ya mpimaji, muhtasari wa mkutano uliomkaribisha mgeni au kumkataa. Karatasi hizo hazisemi neno moja, na si zote zilizo mahali pamoja.

Nchi nzima inakumbuka mwezi Desemba, 2000, pale wakulima 38 walipouawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni katika ugomvi baina ya wakulima na wafugaji. Damu ilimwagika tena wilayani humo mwaka 2008. Ugomvi wa mpaka baina ya kijiji cha wafugaji cha Mabwegere na vijiji jirani vya wakulima ulipanda ngazi za mahakama mpaka Mahakama ya Rufani. Itakuwa ni kurahisisha mambo kupita kiasi kusema kwamba watu walikufa kwa sababu ya jalada lililofungiwa kabatini. Palikuwa na njaa ya ardhi, palikuwa na ukame, palikuwa na madai ya rushwa, na palikuwa na chuki iliyolelewa pande zote mbili. Lakini mahali ambapo mkulima na mfugaji kila mmoja anaapa kwamba mpaka uko upande wake, na ofisi inayo ramani isiyoonyeshwa kwa yeyote, uvumi hushika nafasi ya ramani. Mwenye sauti kubwa ndiye huwa mpimaji.

Kuna watakaosema kwamba kumwaga ramani na hati hadharani kutachochea ugomvi uliolala. Hoja hiyo husemwa na watumishi wengine kwa nia njema. Hata hivyo uzoefu wa Kilosa yenyewe unaipinga. Kwa karibu miaka 10 kuanzia mwaka 2012, vijiji kadhaa vya wilaya hiyo, miongoni mwavyo Ihombwe, Ulaya Mbuyuni na Dodoma Isanga, vilijaribu utaratibu mpya wa misitu yao. Sehemu ya msitu ilitengwa ihifadhiwe, na sehemu nyingine ikagawanywa vipande vya kuchoma mkaa kwa zamu, ili miti iliyokatwa ipate miaka ya kuchipua. Mfanyabiashara aliyekuja kununua mkaa alilipa ushuru wa kijiji, na fedha ziliingia katika mfuko wa kijiji. Madarasa yalijengwa kwa fedha hizo, na zahanati na visima vikahudumiwa. Kilichoufanya utaratibu huo usimame ni mkutano wa kijiji. Hesabu zilisomwa mbele ya watu, na watu walijua gunia moja limelipiwa kiasi gani. Mzee aliyekuwa na shaka aliuliza mkutanoni, akajibiwa mkutanoni. Kanuni mpya za uvunaji za mwaka 2019 zilipoubadilisha utaratibu huo, na biashara ikatetereka, lililowasumbua wanakijiji mwanzoni halikuwa kupungua kwa fedha peke yake, bali kutojua nani ameamua nini, na ni kibali gani kinatakiwa kutoka ofisi gani.

Jambo hilo linaonyesha pia kwamba si kila taarifa inahitaji kuombwa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaifanya Halmashauri ya Kijiji kuwa mdhamini wa ardhi, siyo mwenye ardhi, na kuitaka itoe taarifa kwa mkutano wa kijiji. Kijiji kinachosomewa mapato na matumizi kila robo mwaka, na ambacho rejesta yake ya ardhi huonyeshwa bila manung'uniko, hakitakuwa na watu wengi wa kuandika barua kwenda wilayani. Ombi la maandishi ni dawa ya mahali ambapo mkutano haukuitishwa, au uliitishwa na mwenyekiti akaufunga kabla ya kufikia ajenda ya fedha. Ujanja huo unajulikana vijijini, na una jina lake: "muda hautoshi".

Lawama lakini zisimwagwe upande mmoja. Mwananchi naye amezoea kudai kwa mdomo na kulalamika kwa mdomo. Atamsimamisha diwani barabarani, atampigia simu mbunge, atapaza sauti katika mkutano wa hadhara anapofika Mkuu wa Wilaya. Lakini kuandika barua ya aya mbili, kuitaja nyaraka anayoitaka kwa jina lake, na kudai nakala iliyogongwa muhuri, hilo huliona ni kazi ya wakili. Si kazi ya wakili. Mtoto wake aliyemaliza darasa la saba anaweza kuiandika jioni moja. Anachohitaji ni kusema kwa uwazi: naomba ramani ya mpaka baina ya kijiji chetu na hifadhi, naomba orodha ya madai ya kifuta jasho yaliyopelekwa wizarani kutoka kijiji hiki, pamoja na tarehe yalipopelekwa. Ombi linalosema tu "naomba taarifa za ardhi" humpa mvivu ofisini nafasi ya kuuliza ardhi ipi, na mwezi ukapita.

Watumishi nao wana hofu yao, na hofu hiyo haifai kubezwa. Sheria imeorodhesha taarifa ambazo zaweza kuzuiwa, kama zile za usalama wa taifa, za uchunguzi unaoendelea, au za faragha ya mtu, na imeweka adhabu ya kifungo kwa anayetoa yaliyozuiwa. Karani wa mshahara mdogo akipima baina ya kutoa na kunyima, huona kunyima ndiko salama. Dawa yake ni mkubwa wake kumwambia mapema, kwa maandishi, kwamba ramani ya kijiji si siri ya jeshi, na kwamba hesabu za choo cha shule si siri hata kidogo. Kiongozi anayenyamaza hapo humwachia karani kubeba mzigo usio wake. Mwaka 1971, Mwongozo wa TANU uliwakataza viongozi majivuno na dharau kwa wanaowaongoza. Kumnyamazia mwananchi aliyeandika barua kwa adabu ni dharau ya namna hiyo, hata kama haina makelele.

Zipo kasoro katika sheria yenyewe zinazostahili kutazamwa. Ilivyotungwa mwaka 2016, asiyeridhika na jibu huenda kwa mkuu wa taasisi ileile, na asiporidhika tena hukata rufani kwa Waziri, ambaye uamuzi wake ndio wa mwisho. Waziri ni sehemu ya Serikali inayolalamikiwa. Kenya, iliyotunga sheria yake mwaka huohuo, ilimpa mlalamikaji tume ya kupeleka shauri lake, na ikaweka siku 21 za kujibu. Uganda nayo, katika sheria ya mwaka 2005, iliweka siku 21. Tanzania inayo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, mrithi wa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliyoundwa mwaka 1966 ili mnyonge apate pa kumshitaki mtumishi mwenye kutumia cheo vibaya. Nchi iliyokuwa na wazo hilo mapema kiasi hicho haina sababu ya kuona tabu kuipa tume kazi hii pia.

Marekebisho ya sheria huchukua muda. Yako mambo yasiyohitaji Bunge. Kutoka Mikumi mpaka makao makuu ya wilaya Kilosa ni mwendo mrefu na nauli ya kwenda na kurudi, na mkulima akifika akaambiwa mhusika yuko semina, siku imekwisha na fedha imekwisha. Ombi lipokelewe na mtendaji wa kata, ligongwe muhuri hapohapo, na jibu lirudi kwa njia hiyohiyo. Jina la afisa taarifa wa wilaya na namba ya chumba chake vibandikwe katika ubao wa matangazo wa kila kijiji. Kando yake viandikwe viwango vya kifuta jasho vinavyotumika, pamoja na ramani ndogo ya mpaka wa hifadhi, kwa herufi ambazo mzee anaweza kuzisoma bila miwani ya kuazima. Karatasi hizo ziwe ukutani kabla mahindi hayajaanza kukomaa, maana huo ndio wakati ambapo tembo wa Mikumi huvuka mpaka.