Sehemu ya 4: Istanbul sukari inakaa pembeni

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, sasa tuendelee.

Wengi mmeniuliza kuhusu chakula cha Uturuki, nilipomsindikiza mama mdogo kutibiwa macho. Ni kitamu, hilo halina ubishi. Ila mimi leo nataka kusema juu ya chai.

Chai yao haina maziwa. Wanatumia birika mbili zilizobebana: ya chini maji ya moto, ya juu chai nzito. Wanakumiminia ile nzito, wanaongeza maji kadiri unavyotaka wewe. Inakuja kwenye kigilasi kidogo, na vipande viwili vya sukari kwenye kisahani. Pembeni! Unataka unatia, hutaki unaacha, hakuna anayekukodolea macho. Ukitosheka unalaza kijiko juu ya gilasi, wanaelewa. Usipofanya hivyo utajaziwa mpaka ukome.

Siku ya pili jirani wa ghorofa ya juu, hatujuani hata kidogo, akagonga mlango na sahani ya baklava. Mama mdogo kashanyoosha mkono. Nikamwahi. Kituruki sijui, nikamwonyesha jirani mgonjwa wangu, nikasema neno moja nililolisikia hospitali: şeker. Kumbe nao ugonjwa huu wanauita sukari kama sisi! Akajipiga paji la uso, akaondoka na sahani yake. Nikajua nimemuudhi. Baada ya nusu saa huyo, karudi na supu ya dengu, limao, jibini, zeituni na matango. Tulimrudishia vyombo na karanga tulizotoka nazo nyumbani, maana kwao pia sahani hairudi tupu.

Sasa turudi kwetu. Mama mdogo ana sukari mwaka wa 11. Mwaka juzi baada ya sikukuu aliletwa wodini kwangu, kipimo kinasoma 27. Nikamuuliza amekula nini. Akasema, "Mwanangu, nimezunguka nyumba nne, kila nyumba chai imeshatiwa sukari kwenye sufuria. Ningekataaje? Wangesema naringa."

Jamani, macho hayaharibiki kwa siku moja. Sukari ikikaa juu miaka na miaka, inaharibu mishipa midogo nyuma ya jicho taratibu, na mtu hasikii maumivu yoyote. Akija kuona ukungu, muda umeshaenda.

Najua mtasema Waturuki nao wanang'ang'aniza wageni. Kweli kabisa, na baklava yao inaogelea kwenye shira. Siwasifii kila kitu. Ila yule jirani aliambiwa hapana mara moja tu, akaenda kutafuta kitu ambacho mgeni wake anaweza kula. Mimi huo ndio naona ukarimu. Kumlazimisha mtu chakula kinachomuumiza kisha tukamwita mringaji, huo sio.

Na sijitoi. Nyumbani kwangu nilikuwa napika chai na sukari humohumo, nesi mzima! Nimeacha.

Ombi langu ni dogo: pika chai bila sukari, weka bakuli la sukari na kijiko mezani, kila mtu ajihudumie. Haikugharimu hata shilingi. Na mgeni akisema inatosha, imetosha.

Kwako sukari inatiwa wapi, sufuriani au kikombeni? Niambieni ukweli. Kesho sehemu ya 5.