Patini za batoto na asilimia 0,3 ya mine

Mtoto mwenye patini anatafuta lami, na huku Lubumbashi lami iko kule magari yanapita. Tusimukaripie tu, tumutafutie fasi yake. Ku Kitintale, kartiye ya Kampala, vijana walijijengea uwanja wa simenti wa skateboard kwa mikono yao.

Kwetu, sheria inasaidia. Tangu 2018, Code minier inaomba kila kampani yenye kuchimba itoe asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji wenye kuguswa na mine. Ruashi, kwa mfano, mine na nyumba ni majirani. Maji na masomo kwanza, ndiyo. Lakini simenti ya kuchezea, mbali na magari, nayo inalinda maisha. Bazazi, tuiseme mu mikutano.