SIASA NA KUKU WA KRISMASI



Krismasi imekaribia, na wenzetu walio Nairobi na Mombasa wameanza kuulizia nauli ya kurudi Kakamega. Watakutana watu wa mji mmoja ambao hawajaonana mwaka mzima. Kuku atachinjwa, na kabla hajaiva mtu atataja jina la mwanasiasa.

Mimi ninayeandika yalinipata. Krismasi ya 2022 nilikuwa upande wa Azimio, mdogo wangu upande wa Kenya Kwanza. Tulianza na hesabu ya kura, tukaishia kwenye karo aliyomlipia mwanangu. Hapo ndipo palipoharibika. Aliondoka bila kula. Miezi minane hatukusemezana, na shangazi yetu alipofariki tulitoa mchango wa mazishi mafungu mawili, kama kwamba ni jamaa mbili.

Na wale tuliowagombania? Tarehe 7 Machi 2025 Bwana Ruto na Bwana Raila Odinga walitia sahihi mapatano ya vyama vyao pale Nairobi. Hakuna aliyefika kijijini kutupatanisha sisi. Wazee hawakushangaa. Waliona KADU, chama cha Bwana Masinde Muliro, kikijivunja Novemba 1964 na kuingia KANU, na huku nyumbani waliotukanana kwa ajili yake wakabaki na matusi yao.

Hatusemi watu wanyamaze. Mfanya kazi akinyamaza, tajiri atamsemea. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilipowekwa chini ya msimamizi kwa sababu ya madeni mwaka 2019, waliokosa kazi walikuwa wa vyama vyote. Mambo ya namna hiyo yazungumzwe mezani, hata kwa sauti kubwa: bei ya miwa, mishahara, karo. Lakini ukiona mwenzako ameacha habari ya serikali akaanza kukumbusha nani alimsaidia nani, simama ukachote maji. Uchaguzi mkuu umewekwa Agosti 2027, na mchango wa mazishi haungojei uchaguzi.

Mwaka huu nimempelekea mdogo wangu habari kwamba namngoja. Kwetu firigisi ni haki ya mwenye mji, nami nilimwambia nitamkatia nusu. Amejibu kwamba atakuja, firigisi nile mwenyewe, lakini redio ataishika yeye.

Mhariri