Mtoto Haui Kalamu

Vijana wenzangu mnaoandika, kuna uongo unazunguka vijiweni: eti ukishapata mtoto, kalamu imekufa. Eti mwandishi lazima awe na chumba chake, kimya, na usiku mzima. Nani kawadanganya?

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mnamo 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya bintiye. Anaanza kwa kumwita aje karibu na wino na karatasi. Hakumfukuza nje ili apate kutunga! Shaaban Robert naye alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili.

Mimi nakaa chumba kimoja. Juzi usiku naandika hadithi, binti yangu wa miaka 5 akaamka. Nikafoka, "Lala bwana!" Wapi! Akauliza, "Baba, huyo mtu unayemwandika, ameshakula?"

Nikaduwaa. Kurasa 9, na mhusika wangu hajatia kitu mdomoni! Nikampakata, tukampikia yule mtu ugali na dagaa palepale kwenye daftari. Dakika 10 tu, mtoto akasinzia kifuani pangu. Hadithi ikapata uhai.

Sikatai, kulea kunachosha, na mama zao wanachoka kutuzidi. Lakini wewe unayemfukuza mwanao ili uandike habari za binadamu, binadamu gani hao unaowajua?

Acheni visingizio, jamani. Msogezeeni mtoto kigoda.