Safu ya Ndani ya Mshipa

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya homa, maji ya kunywa na chakula cha watoto, mambo ambayo kila mzazi huyaona kwa macho yake. Mwezi huu twataka kuingia mahali pasipoonekana illa kwa darubini, kwa kuwa yako maneno yasemwayo majumbani mwetu ambayo hatuwezi kuyanyamazia. Mtoto huzaliwa, akawa hunyonya kwa taabu, hutoka jasho kila anyonyapo, wala uzito hauongezeki. Daktari humsikiliza kifua, kisha akasema moyo una tundu. Basi kabla hata ya nauli ya kwenda hospitali kubwa kupatikana, mama mtu amekwisha kuhukumiwa: alikula kitu fulani, alipita mahali fulani usiku, au ukoo wao una mkosi. Na tuitazame kazi ya kuujenga moyo jinsi inavyofanyika, ndipo tujue kama yupo wa kulaumiwa.

Kila mshipa wa damu, uwe mpana kama ule mkuu utokao moyoni au mwembamba kushinda unywele, umetandikwa kwa ndani utando wa seli, yaani vile vijumba vidogo vya uhai ambavyo mwili mzima umejengwa kwavyo. Utando huo ni wa tabaka moja tu. Wilhelm His, mtaalamu wa Uswisi, aliuita endothelia katika mwaka 1865. Aliyeingia nyumba za kale za Lamu akaona niru nyeupe iliyosuguliwa ukutani hata ikang'aa, aweza kuufikiria utando huu kwa mfano huo. Lakini niru haina uhai, na seli hizi zi hai, zimejipanga ubavu kwa ubavu kama watu waliosimama safu, haupiti mwanya baina yao illa kwa idhini. Ndizo ziizuiazo damu isigande njiani, nazo ndizo ziamuazo mshipa ukaze au ulegee.

Aghalabu seli ikishapata kazi yake hudumu nayo; ya ini hubaki ya ini. Ama hizi za utando wa mishipa, baadhi yao kwa wakati maalumu huiacha safu, zikavua umbo lao la kwanza, zikawa kitu kingine kabisa. Hilo ndilo jambo la mazungumzo yetu.

Mageuzi ya kwanza ni yale yaletayo damu. Mwanamke mmoja wa Baltimore huko Marekani, Florence Sabin, alilitazama yai la kuku lililoatamiwa siku ya pili, kifaranga kingali hai chini ya darubini, akaeleza mwaka 1920 kwamba aliona chembe za damu zikizaliwa kutoka katika utando wa mshipa. Wataalamu walibishana kwa miaka mingi. Hata ulipofika mwaka 2010, Karima Kissa na Philippe Herbomel wa Taasisi ya Pasteur, Paris, pamoja na wengine waliofanya kazi kama hiyo kwingineko, walipiga picha za mfululizo za kijisamaki chenye mistari ambacho kijusi chake ni angavu kama kioo. Ilionekana seli ya sakafu ya mshipa mkuu ikijikunja, ikijiachisha na wenziwe mmoja mmoja, kisha ikatoka safuni ikiwa seli mama ya damu. Wenziwe waliobaki wakasogeleana wakaziba pengo. Na kijisamaki kilipozuiliwa jeni iitwayo Runx1, seli ilijaribu kutoka vivyo hivyo, lakini ikapasuka.

Kwa mwanadamu mambo haya huanza siku ya 27 hivi tangu mimba kutunga, na baada ya majuma machache hayafanyiki tena katika mshipa huo. Seli mama hizo huhamia katika ini la mimba, halafu katika uboho wa mifupa. Chembe nyekundu huishi siku 120 tu, na mwili hutengeneza zaidi ya milioni 2 kila sekunde; kundi kubwa la seli zinazoifanya kazi hiyo umri wetu wote asili yake ni zile chache zilizotoka safuni katika siku zile.

Mageuzi ya pili ndiyo yaugusayo moyo. Moyo huanza kupiga kiasi cha siku ya 22, nao wakati huo ni bomba tu, hauna vyumba wala vilango. Baina ya utando wake wa ndani na nyama yake ya nje pana uteute mzito. Mahali maalumu, nyama ile hupeleka ishara kwa utando, nazo ni protini, mojawapo ikiitwa TGF-beta. Seli zipatazo ishara hiyo huachana na jirani zao, hurefuka, hutambaa kuingia ndani ya ule uteute, na humo huongezeka zikafanya mito miwili ielekeanayo. Mito hiyo hukutana katikati na kuungana, na kutokana nayo hupatikana sehemu ya ukuta utenganishao vyumba vya moyo, pamoja na vile vilango ambavyo madaktari huviita vali.

Katika karne ya 13 tabibu Ibn al-Nafis, aliyeishi Misri, alisimama kinyume cha Jalinus na Ibn Sina akasema kwamba ukuta ulio kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo ni mzito wala hauna matundu ya kupitisha damu, bali damu huzunguka kwa njia ya mapafu. Naye alisema kweli. Walakini ukuta ule huwa na uwazi kwanza, na seli hizi zilizohama ni miongoni mwa viuzibavyo. Zikitoka kidogo kuliko ipasavyo, au zikichelewa, pengo hubaki.

Kitu gani huzizuia? Hapa twaomba kina mama na waume zao watusikilize kwa makini. Imejulikana zamani kwamba mwanamke aliyekuwa na ugonjwa wa kisukari kabla ya kushika mimba ana hatari kubwa zaidi ya kuzaa mtoto mwenye kasoro ya moyo, hasa sukari yake ikiwa juu siku za mwanzo. Na katika majaribio ya viinitete vya panya, wataalamu waliona kuwa sukari ikizidi, seli za utando hushindwa kuiacha safu na kuingia katika uteute. Sasa hesabuni siku. Mwanamke ambaye hedhi yake imechelewa majuma mawili, na pengine angali hajamwambia mtu, mimba yake ina siku 28 hivi. Moyo umekwisha kupiga kwa siku kadhaa, na seli zimo katika kazi yake. Akisubiri hata mwezi wa nne ndipo aende kliniki, vyumba na vilango vimekwisha kujengwa. Kwa hiyo mwenye sukari aende kwa daktari kabla ya kushika mimba. Kipo kipimo cha damu kionyeshacho wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, na baadhi ya dawa huenda zikahitaji kubadilishwa. Mume asiyempa mkewe fedha ya kipimo hicho, kisha akaja kumlaumu kwa mtoto, ni mtu wa namna gani?

Wala tusifahamike vibaya. Wengi wenye kisukari huzaa watoto wazima. Katika kila watoto 100 kiasi cha mmoja huzaliwa na kasoro ya moyo, na wengi wao mama zao hawana sukari wala ugonjwa wowote. Wako waliozaliwa na kromosomu ya 21 iliyozidi, hali iitwayo Down, ambao karibu nusu yao moyo huwa na kasoro, na mara nyingi kasoro hiyo ni pale pale penye mito tuliyoieleza. Hayo hayaletwi na kupita njia ya usiku, wala hayaletwi na jicho la jirani.

Umesalia upande wa watu wazima, nao tutaupitia upesi. Uwezo wa kuiacha safu haupotei wote. Mwaka 2007 Elisabeth Zeisberg na wenzake huko Boston walitangaza kwamba katika mioyo ya panya iliyougua, baadhi ya seli zifumazo nyuzi za kovu asili yake ni utando wa mishipa. Mwaka 2014 wengine walitumia alama bora zaidi, wakasema sivyo: nyingi za seli hizo zilikuwamo moyoni tangu panya yu tumboni, na baadhi yao ni uzao wa zile zilizohama wakati vali zinajengwa. Ama ndani ya mishipa iliyoingia mafuta, hata ya wanadamu, zimeonekana seli zilizobeba alama za hali zote mbili, ya kale na ya mpya. Mafuta hayo hupenda kukaa penye njia panda, ambapo damu haiendi sawa bali huzungukazunguka.

Nasi twawasikia wauzaji katika stendi za mabasi, na siku hizi hata katika simu, wakitangaza chupa ya kusafisha mishipa na kuifanya mipya. Dawa iliyoidhinishwa ili kuzirudisha seli hizi safuni haipo, si katika chupa hizo wala katika duka la dawa. Kiuharibucho utando huo kinajulikana: tumbaku, shinikizo la damu na sukari isiyotunzwa. Shinikizo hupimwa kwa dakika chache katika zahanati, na aliyepewa vidonge vyake asiviache kwa ajili ya chupa ya stendi.