Nani Alichangia Kwanza?

Wapo wanaosema Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilisomesha bure mpaka ulipoletwa uchangiaji wa gharama mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwetu Kimuli neno hilo halituingii. Kahawa ilikuwa miongoni mwa mazao yaliyoiletea nchi fedha za kigeni, na kodi yake iliingia katika hazina iliyolipia masomo hayo. Mkulima alichangia kabla hajaombwa.

Mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo. Kukopa na kulipa sikatai. Mdaiwa aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na alipe. Ninachopinga ni mkopo nusunusu. Mtoto akipewa sehemu tu, salio hudaiwa kwa mzazi ambaye mali yake ni migomba na mibuni. Kahawa ina msimu, ada haina subira. Kwa mwenye mshahara mnono salio hilo ni mchango. Kwa mkulima ni mlango uliofungwa. Serikali ikiamua kumkopesha mtoto wa maskini, imkopeshe gharama yote. Daraja lililoishia katikati ya mto halimvushi mtu.